Tredimili ya panya ya njia sita: mashine nzuri sana, ila ile shoti ya umeme izimeni

Watu wanaoanza kazi ya mazoezi ya wanyama maabara swali lao kubwa huwa ni moja, tununue tredimili, yaani mashine ya mkanda unaozungushwa na mota panya akimbie juu yake, au tuweke magurudumu kwenye vizimba tuachane na mambo ya mota. Mimi nimeitumia hii ya njia sita kwa muda mrefu, ile yenye mkanda mmoja mpana, kuta za plastiki inayoonyesha ndani zinazotenganisha panya na panya, mota iko pembeni, na nyuma ya kila njia kuna vyuma vya shoti, nimekimbizia panya wakubwa (rat) na wale wadogo (mouse) pia, kwa hiyo naandika niliyoyaona. Jina la kampuni silitaji, mashine za aina hii zinafanana mno na mengi nitakayosema utayakuta kwenye karibu zote.

Nianze na kinachonifanya niipende. Hii mashine inakupa dozi ya mazoezi unayoijua. Unaseti mita 15 kwa dakika, nusu saa, siku tano kwa wiki, na kila panya aliyepo pale amekimbia hivyo hivyo, halafu wiki zikienda unapandisha spidi, unapandisha muda, unainua mlima, yaani mwinamo wa mkanda. Yaani kama mzigo unaujua basi mabadiliko unayoyaona kwenye misuli una pa kuyapeleka. Kazi ya mtafiti Holloszy ya mwaka 1967 pale Washington University, St. Louis, ndiyo inaonyesha vizuri zaidi, panya walipandishwa taratibu kwa wiki 12 mpaka wakawa wanakimbia saa 2 kwa siku kwa mita 31 kwa dakika, na katikati wanawekewa mbio za kasi za mita 42 kwa dakika, sekunde 30 tu, kila baada ya dakika 10, na mwisho wa safari misuli yao ya miguu ilikuwa na uwezo wa kuchoma chakula kwa oksijeni karibu mara mbili ya wale waliokaa tu, enzaimu za mitokondria, vile vijiwanda vya nishati ndani ya seli, zimepanda na mitokondria zenyewe zimeongezeka. Mambo mengi tunayosema leo kuhusu pumzi na mazoezi yamejengwa juu ya panya wale na mkanda unaozunguka. Gurudumu lisingewapeleka kule, panya akiachiwa mwenyewe hakimbii saa 2 mfululizo kwa spidi ile.

Na mzigo ukiwa mdogo mashine itakuonyesha pia, ndo maana naithamini. Ukiwakimbiza polepole utaona msuli wa soleasi, ule wa nyuma ya mguu chini ya goti, ambao kwa panya ni mwekundu na unafanya kazi muda wote, unaitikia, lakini ile sehemu nyeupe ya paja karibu haiguswi, kwa sababu nyuzi za msuli za pale zinaitwa kazini spidi ikishakuwa kubwa. Watu wengi wanakata msuli wowote walioufikia kwanza, wanapima, wanakuta hakuna kitu, wanaandika mazoezi hayakufanya kazi. Angalieni spidi yenu na angalieni msuli gani mmekata.

Sasa ujenzi. Mkanda ni mzuri, una ukakasi wa kutosha kucha zishike bila kuchubua nyayo, na unatoka kwa kusafisha bila kufungua nusu ya mashine. Mota haipigi kelele za ajabu, na hilo si dogo maana panya anasikia sauti za juu sana ambazo sisi hatuzisikii kabisa. Mlima unainuka mpaka nyuzi 25, na hapo ndipo utakapotaka kuwa ukipima upumuaji wa juu kabisa, yaani oksijeni nyingi kuliko zote ambayo mwili unaweza kuitumia, kwenye tambarare panya wadogo wanashindwa na miguu kabla mapafu na moyo havijafika mwisho. Kinachoniudhi ni spidi. Namba ya kwenye skrini na mwendo halisi wa mkanda havikulingana, hasa njia zote zikiwa na panya wakubwa wenye uzito, mkanda unavuta kidogo na programu haijui. Dawa yake ni rahisi, bandika alama ya tepu kwenye mkanda, pima urefu wa mkanda mzima, hesabu mizunguko kwa saa ya mkononi panya wakiwa juu, piga hesabu. Fanyeni hivyo kila mnapoanza kundi jipya. Programu yenyewe niseme tu inafanya kazi, inakutunzia ratiba na inahesabu mara ngapi kila panya amegusa vyuma vya nyuma, hayo mengine ya grafu za rangi rangi hayana maana.

Na hapo kwenye vyuma vya nyuma ndo nataka nikae.

Wazo la shoti ni kwamba panya akichoka au akigoma anarudi nyuma, anagusa vyuma, anapata umeme mdogo, anarudi kukimbia. Inafanya kazi, sikatai, panya anajifunza haraka sana. Tatizo ni kwamba sisi tunapima mwili, na mwili wa panya anayekimbia kwa kuogopa umeme unabeba vitu viwili kwa pamoja, mazoezi na hofu, halafu unakuja kuvipima kama kitu kimoja. Mtafiti Moraska na wenzake walilionyesha hili mwaka 2000, panya wa tredimili walipata faida za mazoezi kweli lakini hapohapo tezi zao za adrenali, zinazotoa homoni za msongo, zilikuwa zimekua na thaimasi, tezi ya kinga ya mwili, imesinyaa, ambazo ni dalili za mnyama aliyekaa kwenye msongo wa muda mrefu. Sasa kama swali lako ni kinga ya mwili, au usingizi, au kumbukumbu, au sukari ya damu ambayo kotikosteroni, homoni ya msongo ya panya, inaigusa moja kwa moja, utasema nini? Umepima mazoezi au umepima woga? Mtu wa misuli anaweza kujitetea kidogo, mtu wa ubongo hana pa kujificha.

Halafu kuna la kiufundi ambalo kwenye kijitabu cha mashine limeandikwa mstari mmoja tu. Kinyesi na mkojo vikidondoka kati ya vyuma vinaunganisha chuma na chuma, umeme unapita huko badala ya kwenye miguu, kwa hiyo njia ya tatu panya hapati kitu na njia ya nne anapata kamili, na wewe umeseti namba moja kwa wote. Panya anayekimbia anajisaidia sana, hasa mwanzoni. Kwa hiyo kama bado mnatumia shoti basi mtu asimame pale muda wote na brashi na karatasi, na kama mtu anasimama pale muda wote, jamani, si angetumia ile brashi kumgusia panya mkiani? Ndicho ninachofanya. Brashi laini yenye nywele za nailoni, unamgusa nyuma taratibu akilegea, anasogea mbele. Mashine nyingine zina upepo, pumzi fupi ya hewa mgongoni, na hiyo nayo ni nzuri ukiweza kuipata. Panya waliozoeshwa vizuri wanakimbia na vyuma vikiwa vimezimwa kabisa, nimeona hivyo mara nyingi sana, na waliobaki wachache wanaogoma wangegoma hata ukiwawekea umeme, watakaa tu juu ya vyuma wanapigwa, kitu ambacho hakuna mtu anapaswa kukiangalia akaendelea kunywa chai.

Kuzoesha ndiko kunakookoa kila kitu. Siku za kwanza mkanda usizunguke kabisa, panya akae tu anuse, baadaye mita 5, baadaye 8, baadaye 10 kwa dakika, dakika chache chache, kwa wiki moja mpaka mbili kabla hujaanza kuhesabu chochote kuwa ni mazoezi. Watu wanaruka hatua hii kwa sababu ratiba inabana, halafu wanaongeza umeme kufidia. Na hili la wanaogoma muwe makini nalo, ukiwatoa wote kwenye kundi la mbio halafu kundi la kukaa, wale wasiokimbia wa kulinganishia, hukumtoa yeyote, tayari umelinganisha wapenda mbio na mchanganyiko wa wote, na kupenda mbio ni kitu cha kurithi. Watafiti Koch na Britton walianza mwaka 1996 kuzalisha panya kwa kuchagua wanaokimbia mbali na wanaoishia karibu, na baada ya vizazi 11 tu tofauti ya uwezo wa kukimbia kati ya koo hizo mbili ilikuwa asilimia 347, bila mazoezi yoyote, na wale wa chini walikuwa na presha na sukari mbaya zaidi. Kwa hiyo wajaribuni wote kwenye mkanda kwanza, waliogoma watoke, ndo mgawe makundi.

Kundi la kukaa nalo lipande kwenye mashine. Mkanda usimame au uende polepole sana, lakini washikwe vilevile, wabebwe vilevile, wasikie mota ileile. Panya aliyebaki kizimbani analala siyo kulinganisha.

Jambo la moyo nalo lazima niliseme kwa sababu naliona linaharibika kila mara. Panya dume akifanya mazoezi ya tredimili kwa wiki nyingi haongezeki uzito kama mwenzake aliyekaa, anakula kidogo na mafuta yanapungua, wakati jike mara nyingi anafidia kwa kula zaidi. Sasa mtu anapima moyo, anagawa kwa uzito wa mwili, anapata namba kubwa, anafurahi kwamba moyo umekua. Moyo haujakua, mwili ndo umekuwa mdogo! Gawa kwa urefu wa mfupa wa muundi, mfupa ule haubadiliki kwa unene. Ukikuta bado umekua hapo ndo ufurahi, huo ni ukuaji mzuri, chumba cha moyo kinapanuka na ukuta unanenepa kwa uwiano wake, mapigo ya kupumzika yanashuka, tofauti na moyo ulionenepa kwa presha ambao unajaa makovu. Na msikate misuli dakika ile ile panya ametoka kwenye mkanda kama mnatafuta matokeo ya wiki nyingi, subirini saa 48 hivi, maana zoezi la mwisho peke yake linabadilisha namna msuli unavyopokea sukari kwa siku nzima na zaidi.

Kuna kifuniko cha kupimia oksijeni ambacho kinauzwa kama nyongeza. Nakisifu kwa moyo wote ilimradi mipira yake ya pembeni iwe mizima, ikivuja kidogo tu namba za oksijeni zinakuwa za uongo na hutajua. Bila kifuniko hiki unabaki kukisia kama panya ameishiwa pumzi au ameboreka, ukiwa nacho unaona oksijeni imegoma kupanda ingawa umeongeza spidi, basi hapo ndo mwisho wake kweli.

Magurudumu je? Kwa swali la ubongo mimi ningekwenda kwenye gurudumu bila kufikiri mara mbili. Watafiti Van Praag, Kempermann na Gage pale taasisi ya Salk, Marekani, mwaka 1999 waliwapa panya wadogo magurudumu wakimbie wanavyotaka, na seli mpya za neva kwenye hipokampasi, sehemu ya ubongo inayohusika na kumbukumbu, ziliongezeka sana. Hakuna anayewalazimisha, wanakimbia usiku wao wenyewe, kilomita kadhaa kwa usiku mmoja, na mwaka 2014 watafiti wa Leiden, Uholanzi, walichapisha kwamba waliweka magurudumu nje porini na panya wa mwituni wakaja wakakimbia kwa hiari yao, ndo ujue wanapenda. Ubaya wake, kila panya anajipangia dozi yake, mmoja mbali mwingine karibu, na ili ujue nani kakimbia nini inabidi umweke peke yake kizimbani, na upweke nao ni msongo kwa mnyama wa kuishi kundini. Kuogelesha sitalizungumza sana, panya anaelea, anazama, anahangaika, na wewe hujui umempa zoezi kiasi gani.

La mwisho ni taa. Panya ni wa usiku. Ukimwamsha saa nne asubuhi akimbie umemkata usingizi, na ukifanya hivyo wiki nane umepima mazoezi pamoja na kukosa usingizi. Geuzeni mzunguko wa taa chumbani, giza kwa muda wa saa 12 na mwanga kwa muda wa saa 12, giza liangukie muda wenu wa kazi, mfanye kazi chini ya taa nyekundu hafifu. Mashine hii skrini yake inawaka nyeupe kali mno na haina namna ya kuipunguza, mimi nimeifunika kwa karatasi ya plastiki nyekundu na inasomeka vizuri tu.

Kwa hiyo ukitafuta misuli, mitokondria, moyo, upumuaji, nunua hii, chukua na kifuniko, na muulize muuzaji kama kuna toleo la upepo badala ya shoti, kama halipo chukua hilo hilo na swichi ya umeme uizime siku ya kwanza. Kama kazi yako ni hofu, kumbukumbu au kinga, weka magurudumu. Nyota nne kati ya tano kwangu, ile moja imekwenda na spidi isiyosema ukweli, na nitairudisha siku watakayoweka kipimo kinachosoma mkanda wenyewe badala ya mota.