TAHADHARI: Fremu za jukwaa za kukodi zilizopakwa rangi mpya, kwaruza kabla hujasaini

Ndugu zangu mnaojenga na mnaokarabati, hasa wa Dar es Salaam, naomba msome hii kabla hamjatuma amana ya kukodi jukwaa la chuma, lile la mafundi kusimamia wakifanya kazi juu. Kuna mkodishaji anazungusha picha kwenye makundi ya WhatsApp, fremu za rangi ya chungwa zinazong'aa, bei nusu ya wenzake. Mimi nilimwamini. Kijana saidia fundi aliyekuwa kazini kwangu leo analala mguu juu ya mto, kisigino kimevunjika.

Nyumba ni ya mama, ghorofa moja, Kinyerezi. Masika ilikuwa imeozesha fasha bodi (ubao wa ukingo wa paa) upande wa nyuma na lipu ikaanza kuachia chini ya paa. Kazi ya wiki moja tu: kubandua lipu iliyokufa, kupiga upya, kubadilisha fasha, kupaka rangi. Fundi alitaka tufunge jukwaa la mirunda, yaani miti, kama alivyozoea. Mimi ndiye niliyesema hapana, tukodi chuma, vijana wafanye kazi sehemu salama. Hilo linaniuma kuliko hela.

Nikampigia yule bwana. Maneno matamu, "dada yangu" kila baada ya sentensi. Akasema fremu zake ni bomba la inchi moja na nusu, zito, "mpya kabisa, zimetoka kupakwa juzi." Sikujiuliza kitu kipya kinapakwa rangi ya nini. Nikatuma kodi ya wiki nzima na amana ya laki 4 juu yake. Canter ikafika saa 2 usiku. Saa hiyo muishike sana. Giza limeingia, mwanga ni wa tochi ya simu, dereva anasema ana mzigo mwingine Tegeta, na karatasi ya kupokelea imeshaandikwa "fremu 20 na vifaa vyake vyote." Nikasaini.

Asubuhi fundi akauzunguka mzigo bila kusema kitu, kisha akaniita pembeni. "Dada, zile bomba nyembamba za kupishana kama mkasi hazitoshi. Pini za kuunganishia fremu ya juu na ya chini ni chache. Na vile visahani vya chini vya kukalia miguu ya fremu sioni hata kimoja." Nikampigia mkodishaji, akacheka. "Mafundi wa siku hizi visingizio vingi, dada yangu. Wapange tofali chini, mbona wote wanafanya hivyo." Siku zinakwenda, kodi nimeshalipa, mvua inatishia. Tukasimamisha.

Siku ya tatu, saa 5 asubuhi, kijana alikuwa ngazi ya pili na ndoo ya lipu. Chuma cha kulala kinachobeba mbao kikaachia pale kilipochomelewa kwenye mguu wa fremu. Mbao zikateleza upande mmoja kama sinia lililoinamishwa, naye akashuka nazo mita 3 na zaidi, akatua kwa miguu. Hospitali wakatuambia kisigino ndicho hupokea kishindo mtu akianguka hivyo, na hupona polepole. Kijana ana miaka 22 na mtoto mchanga nyumbani. Ni kibarua wa siku, hana bima, kwa hiyo bili yote nimebeba mimi, na ilikuwa haki niibebe.

Jioni ile nilikaa chini na kile kipande kilichokatika. Ukikitazama kwa karibu kinajieleza chenyewe. Sehemu iliyokatika siku ile ilikuwa nyeupe inayong'aa, lakini ilikuwa ndogo, kama theluthi ya mzunguko wa bomba. Sehemu nyingine yote ilikuwa nyeusi ya kutu. Maana yake ufa ulikuwepo siku nyingi, bomba lilikuwa limeshikiliwa na theluthi. Na juu ya ufa huo, nilipokwaruza kwa ufunguo, rangi ya chungwa ikatoka kama ganda la yai na chini yake nikakuta puti. Puti ile ile ya kuzibia mabonde ya magari. Mtu alichukua fremu iliyopasuka, akaona ufa kwa macho yake, akausiliba, akaupiga msasa ukawa laini, akapaka rangi, akanipakilia kwenye Canter. Hilo haliwezi kuitwa bahati mbaya. Nikakwaruza fremu zote 20. Zenye puti kwenye viungio zilikuwa 6.

Nilipompigia kumweleza, hakuuliza hata hali ya kijana. Alituma watu wachukue mzigo, wakahesabu kimoja kimoja, kisha akaniletea hesabu: fremu moja "imeharibiwa na mteja", mbili zimepinda, pini 31 hazipo. Pini ambazo hazikuwahi kushuka kwenye gari! Ndipo nikaelewa biashara yake ilivyo. Usiku wakati wa kuleta haziandikwi idadi, mchana wakati wa kurudisha zinahesabiwa moja moja na kila moja ina bei. Laki 4 yangu ikaishia hapo na akataka nimwongezee. Siku mbili baadaye namba haipatikani, lakini picha zilezile ninaziona zikitumwa kwa namba nyingine.

Wapo pia wanaopokea amana wakatoweka bila kuleta hata chuma kimoja. Hao tunawajua, dawa yao ni kutotuma hela kabla hujafika kwenye yadi. Huyu ninayewaonya mimi analeta mzigo kweli, ndiyo maana ni hatari zaidi.

Sasa mambo niliyojifunza, mengine kutoka kwa fundi wangu, mengine kwa mchomeleaji mmoja mzee aliyekuja kuitazama ile fremu.

Mzigo uletwe mchana na ukaguliwe ukiwa bado kwenye gari. Chukua ufunguo au sarafu, kwaruza kila kiungio ambapo chuma cha kulala kinakutana na mguu. Kutu ya juu juu si tatizo, chuma cha jukwaa hukaa nje. Tatizo ni ukikwaruza ukakuta kitu laini kinachotoka unga, au rangi nene kwenye viungio tu wakati bomba lenyewe limepakwa nyembamba. Tazama pia ndani ya bomba kwa tochi, maana linaweza kuliwa na kutu toka ndani huku nje likiwa zuri. Mwenye fremu nzima hatakasirika ukimkwaruzia rangi.

Kuhusu uzito: mchomeleaji alinifundisha kwamba bomba la inchi moja na nusu kwa nje lina milimita 48 hivi. Likiwa na unene wa milimita 3.2, mita 1 yake ni kama kilo 3 na nusu. Bomba la upana uleule lenye unene wa milimita 1.5, lile la fanicha, mita 1 haifiki kilo 2. Kwa macho, likishapakwa rangi, hayatofautiani. Kwa mkono yanatofautiana sana. Mwombe fundi ainue fremu moja moja. Nyepesi kuliko mwenzake iwekwe pembeni.

Na mbao! Yule bwana alituletea mbao za kukanyagia zilizopakwa rangi ya chungwa hiyohiyo, nikaona ni unadhifu. Mbao ya jukwaa haipakwi rangi, kwa sababu ufa na fundo lililooza ndivyo vinavyofichwa. Kanuni za usalama za Marekani zinakataza hilo waziwazi; wanaruhusu kuweka alama kwenye kingo tu. Ikija imepakwa, irudishe, tumia mbao zako za inchi 2 kwa 8 zilizonyooka. Kila ubao utokeze kama sentimita 15 nje ya chuma kinachoubeba, usizidi 30, maana mtu akikanyaga ncha ndefu ubao unanyanyuka kama pembea.

Tofali chini ya mguu wa jukwaa ni kosa letu wenyewe, na ninalisema kwa masikitiko. Tofali la saruji linapasuka ghafla, na udongo wa huku kwetu ni kichanga, mvua ikinyesha usiku mguu mmoja unatitia na jukwaa zima linaegemea. Mguu ukae kwenye kisahani chake cha chuma, na kisahani juu ya ubao mpana unaobeba zaidi ya mguu mmoja.

Urefu nao una kipimo chake. Mafundi wazoefu wanasema jukwaa linalosimama peke yake nje lisizidi mara 3 ya upana wake. Fremu nyingi zina upana wa mita 1.2 na kimo cha mita 1.7. Mbili zikipandana ni mita 3.4, umekaribia ukomo. Ukitaka kupandisha ya tatu, lazima jukwaa lifungwe kwenye nyumba: bomba au ubao imara upite dirishani na ukazwe kwa ndani. Kamba ya manila kwenye nondo za dirisha haitoshi. Juu kuwe na chuma cha kuzuia mtu kiunoni, na kabla ya yote angalieni nyaya za umeme zinazopita juu ya ukuta, kwa sababu fremu ya chuma inayoinuliwa na watu wawili ni rahisi sana kugusa waya. Kukiwa na waya karibu, TANESCO waitwe kwanza.

Karatasi ya mapokezi iandikwe idadi ya kila kitu: fremu, mikasi, pini, visahani, klampu (vibano). Pasipoandikwa kitu chora mstari, asaini dereva, piga picha mzigo ukiwa umepangwa chini. Ukiambiwa "vifaa vyake vyote", kataa kusaini. Na fundi wako akisema mzigo haujakaa sawa, msikilize yeye, usimsikilize mwenye simu. Mimi sikumsikiliza.

Najua kuna watakaosema kukarabati nyumba ya mtu si mradi mkubwa, mambo ya OSHA, wakala wa serikali wa usalama kazini, waachiwe makandarasi wa maghorofa. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ipo tangu 2003. Kijana aliye juu ya fremu nyumbani kwa mama yangu alikuwa kazini, na aliyempandisha pale ni mimi.

Kile kipande nimekipeleka polisi pamoja na miamala na karatasi niliyosaini. Kama nawe ulikodi fremu za chungwa zenye mkanda mweupe karibu na miguu, ukakatwa amana kwa pini zisizokuwepo, usitupe karatasi yako, nenda ukaandikishe. Na kama ziko nyumbani kwako muda huu unaposoma, acha kusoma, toka nje, washushe mafundi.