Ambulensi iliyombeba baba alipopata kiharusi: nyota 4 kati ya 5

Asubuhi baba alianza kuongea maneno hayaeleweki, nikamwambia atabasamu mdomo ukaenda upande mmoja, mikono nikamwambia ainyanyue yote miwili wa kulia ukashuka wenyewe, hapo hapo nikapiga simu ya ambulensi.

Walikuja wahudumu wawili na swali lao la kwanza lilikuwa, mara ya mwisho mlimuona mzima saa ngapi? Mi nikasema saa 2, yule dada akaniambia hapana, hiyo ndo saa uliyoona tatizo, nataka saa aliyokuwa mzima. Kumbe mama aliongea nae vizuri tu saa 1 na nusu, ikaandikwa hiyo. Baadae ndo nikaelewa, dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kwa kawaida inatolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze, na mtu akiamka nazo usingizini wanahesabu tangu alipolala akiwa mzima.

Wakampima sukari, maana ikishuka sana mtu anaweza kuonekana kama amepata kiharusi. Presha ilikuwa juu ila hawakukimbilia kuishusha. Mama alishashika glasi ya maji na aspirini, dada akamwambia kwa upole mama usimpe kwanza, anaweza kupaliwa, na kabla ya skani hatujui mshipa umeziba au umepasuka, kama umepasuka hiyo aspirini inaweza kuzidisha kuvuja damu. Yani familia ngapi zinampa mgonjwa vidonge kwa nia njema kabisa!

Njiani akapiga simu hospitali, akawaambia umri, dalili, ile saa 1 na nusu na dawa anazotumia baba, tulipofika machela ikaenda moja kwa moja chumba cha skani, hakuna kusubiri mapokezi. Hili peke yake lingenitosha kuwasifia.

Nyota moja nimeikata kwa mpokea simu. Nimemwambia mdomo umepinda na haongei vizuri, yeye ananiuliza amekunywa pombe? halafu anarudia kuniuliza tunapokaa mara tatu, zikaisha kama dakika 6 gari haijatoka. Mshipa mkubwa wa ubongo ukiziba zinakufa seli kama milioni 1.9 kila dakika! Naomba sana huyo mtu afundishwe kuuliza uso, mkono, maneno, jibu likiwa baya gari itoke kwanza, maswali mengine yaendelee wakiwa barabarani.

Baba anatembea sasa, maneno mengine bado yanamkwama.