TAHADHARI: Kijana anayedai kuziba masikio yaliyochanika "bila kushona" hapa Tanga

Dada zangu na mama zangu wa Tanga, hasa mlioko Ngamiani, Makorora na Chumbageni, naomba msome hili kabla hamjamtumia mtu huyu hata shilingi.

Kuna kijana anatangaza kwenye status za WhatsApp kwamba anaziba ndewe (nyama laini ya chini ya sikio) zilizochanika na kuondoa keloidi (kovu linalovimba na kukua kupita kidonda chenyewe) "bila kisu, bila kushona, bila kovu". Anajiita daktari. Hana kituo. Anawafuata wateja majumbani, au anawaita kwenye chumba cha nyuma cha saluni. Laini za simu anabadilisha kila mara, kwa hiyo mtambueni kwa maneno hayo.

Wifi yangu alichanika sikio la kushoto mwezi wa pili. Alikuwa amempakata mwanawe wa miezi 10, mtoto akashika kipuli akakivuta, ndewe ikagawanyika mara mbili kama ulimi wa nyoka. Hakwenda hospitali siku ile. Alibandika plasta tu, na kila upande ukapona kivyake. Mwezi wa sita kuna harusi ya mdogo wake, naye alitaka kuvaa vipuli vya dhahabu alivyoachiwa na bibi yake. Ndipo akaliona tangazo.

Bei 150,000, amana 80,000 kwa simu. Nilikuwepo siku hiyo, na hilo linaniuma mpaka leo. Alitoa kichupa cha kahawia kisicho na lebo, akachovya kijiti cha pamba, akapaka kingo zote mbili za ndewe. Mikono mitupu, hana glavu. Wifi akaanza kulia kwa kuungua, akaambiwa, "Vumilia dada, dawa inafanya kazi." Ngozi ikageuka nyeupe mbele ya macho yangu. Kisha akazigandisha zile pande kwa gundi inayonuka kama ya fundi viatu, akafunga plasta, akapokea 70,000 iliyobaki, huyo akaenda zake. Hata dakika 20 hazikutimia.

Siku ya tatu sikio lilivimba. Siku ya tano plasta ilitoka na usaha na kipande cha nyama nyeusi. Tukampigia. Mara ya kwanza alisema huo ni uchafu unatoka. Mara ya pili alitaka 40,000 nyingine za "dawa ya kukaushia". Baada ya hapo simu haipatikani.

Tulimpeleka hospitali ya Bombo, na huko ndiko tulikoelewa jinsi tulivyodanganywa. Ndewe ikichanika ikapona, kila ukingo unakuwa umeshaota ngozi yake. Ngozi na ngozi haziungani. Funga vidole vyako viwili pamoja mwezi mzima, ukivifungua bado ni viwili. Ndiyo maana daktari hukata kwanza ile ngozi ya ukingoni, nyama mbichi ikutane na nyama mbichi, halafu anashona. Kwa anayeijua ni kazi ndogo: sindano ya ganzi pale pale kwenye ndewe, mara nyingi haifiki saa moja, unarudi nyumbani siku hiyo hiyo, na nyuzi zinatolewa baada ya kama wiki moja. Kutoga tena ni baada ya miezi kadhaa, na tundu haliwekwi juu ya mshono. Wifi yangu sasa lazima asubiri kidonda kipone na kovu lilainike ndipo ashonwe, na nyama ya kushonea imepungua. Harusini atakwenda bila vipuli vya bibi.

Kuhusu keloidi, jirani yetu mmoja alitolewa na huyu huyu. Imerudi, kubwa kuliko ya mwanzo. Keloidi ya sikio ikikatwa tu bila matibabu mengine ina tabia ya kurudi, ndiyo maana madaktari huongeza sindano za steroidi ndani ya kovu, tena kwa awamu, na wakati mwingine kibanio maalumu cha kuligandamiza. Anayekwambia dakika 10 na yamekwisha anakuibia.

Ila lililonifanya niandike leo ni mama mmoja wa Mabawa. Mwanawe amezaliwa na sikio dogo lisilokamilika, na kijana huyu amemwahidi "kulikuza" kwa mafuta ya kukanda, 30,000 kila wiki. Mama yangu, hakuna mafuta yanayootesha sikio. Madaktari bingwa hulitengeneza kwa gegedu (ile nyama ngumu inayopindika, kama ya sikio) linalotolewa kwenye mbavu za mtoto mwenyewe, na husubiri afike kama miaka 6 hadi 10 ili gegedu litoshe. La kufanya sasa hivi ni kumpima usikivu, kwa sababu watoto hawa mara nyingi tundu la sikio nalo limeziba, na asiposikia vizuri hata kuongea kutachelewa. Hela ya mafuta ipeleke huko.

Zile picha zake za "kabla na baada" ziangalieni vizuri. Kuna moja, kabla, mwanamke ana baka jeusi shingoni chini ya sikio. Baada, baka halipo. Mtu mwingine kabisa.

Yeyote anayetaka kugusa sikio lako kwa kisu au dawa, muulize jina lake kamili na namba yake ya usajili katika Baraza la Madaktari Tanganyika, leseni ya kituo, na risiti. Sisi hatukuuliza hata kimoja. Mliokwisha kulipa, msifute meseji za malipo wala sauti alizowatumia. Sisi tumeshafungua jalada polisi, na kila ushahidi utasaidia.

Na kama alikugusa sehemu ngumu ya juu ya sikio, ikawa imevimba, ina joto na inauma, usingoje ikauke. Pale ndani ni gegedu, halina mishipa yake ya damu, linalishwa na utando uliolifunika. Usaha ukiutenganisha ule utando, gegedu linakufa na sikio linajikunja, halirudi lilivyokuwa. Nenda hospitali leo.