Parker Reproduction DHE, geji 20: nimekaa nayo misimu minne

Nianze na neno linaloniudhi. Kila nikiifungua bunduki hii mbele ya wenzangu wa uwindaji, hakosi mmoja wa kusema, "Aa, kumbe ni feki." Jamani, feki sisi wa Dar tunaijua. Mke wangu aliwahi kununua pasi Kariakoo yenye jina kubwa ubavuni, ikaungua siku ya pili. Feki ni kitu kinachojibandika jina la mwingine. Hii imechapwa jina lake lenyewe kwenye chuma, Parker Reproduction, na haijawahi kumwambia mtu kwamba ni ya mwaka 1910.

Kwa msomaji asiyezijua: geji ni kipimo cha upana wa mtutu, na 20 ni nyembamba kuliko 12. Parker Brothers walikuwa Meriden, jimbo la Connecticut, Marekani, na bunduki zao za marisau zenye mitutu miwili iliyolala ubavu kwa ubavu zilipendwa kuliko karibu zote za nchi ile. Mwaka 1934 Remington wakainunua kampuni, kisha Vita Kuu ya Pili ikazima utengenezaji. Zilizobaki zikawa mali ya wakusanyaji. Ndipo mkusanyaji mmoja, Tom Skeuse, akaamua zitengenezwe upya kama zilivyokuwa, na kazi akawapa Wajapani wa kiwanda cha Olin-Kodensha, Tochigi. Zilitoka kuanzia 1984 hadi 1989, kiwanda kikafungwa, basi. Ndiyo maana leo nazo zinatafutwa.

Mimi nimestaafu kazi ya mashine ya kukereza, miaka mingi kwenye karakana ya reli hapa Dar. Kwa hiyo kilichonivuta kwanza hakikuwa nakshi. Ni habari kwamba vipuri vya Tochigi vinaingia kwenye Parker ya zamani. Aliyewahi kukereza shafti ya kubadilishia iliyovunjika anajua maana yake: mtu amezipima zile za zamani kipande kwa kipande, akakataa kukisia.

Yangu niliikuta kwenye duka lenye leseni, imeletwa na familia ya marehemu aliyekuwa na shamba Iringa. Bei haikuwa mbali na bajaji mpya. Muuzaji akaniachia saa nzima, na hiyo saa ndiyo ninayotaka kuieleza, maana wengi hununua bunduki za aina hii kwa kuangalia mbao tu.

Kwanza ule mkono wa juu wa kufungulia. Bunduki ikiwa imefungwa, mkono unatakiwa ubaki umeelekea kulia kidogo. Kadiri kufuli linavyolika ndivyo unavyosogea katikati, na ukivuka kwenda kushoto ujue imechoka. Wangu ulikuwa kulia. Pili, nikavua ubao wa mbele, nikashika kitako, nikaitikisa. Zilizochoka hugongagonga hapo kwenye bawaba. Hii kimya. Nikainyanyua kuelekea dirishani nitafute mwanga kati ya mitutu na uso wa chuma kinachoifunga. Hakuna hata uzi.

Mwisho nikaitoa mitutu, nikaining'iniza kwa kidole kimoja kwenye ndoano yake, nikaigonga kwa kucha. Ililia. Mlio mrefu, safi, kama kengele ndogo ya kanisani, ukafifia polepole. Mitutu miwili hii imeunganishwa kwa ukanda wa chuma uliolehemiwa juu na chini. Ikiachia mahali, sauti inakuwa ya bati. Muuzaji mwenyewe aliacha alichokuwa anaandika akageuka.

Herufi DHE hazina fumbo. D ni daraja la urembo, H ina maana nyundo zimefichwa ndani, E ni kwamba maganda yaliyopigwa yanarushwa nje yenyewe unapofungua. Ubavuni kuna mbwa na ndege waliochongwa kwenye chuma. Juu ya D kuna B, na juu yake A-1 Special ambazo ni chache mno. Chuma cha mwili kimeivishwa kwa mkaa wa mifupa kisha kikazamishwa ghafla, kikatoka na rangi za bluu, kijivu na kahawia zinazoogeleana kama dizeli juu ya dimbwi la mvua. Rangi hizo ni nyembamba. Fundi asije akakugusia msasa hapo, hazirudi.

Mikononi ina karibu kilo tatu, mitutu ya inchi 26, kitako kilichonyooka, na vifyatulio viwili. Baba Mkubwa aliyenifundisha kuwinda alikuwa na mitutu miwili ya vifyatulio viwili, na mimi sitaki kingine. Cha mbele kinapiga mtutu wa kulia uliofunguka, cha nyuma wa kushoto uliobanwa mdomo ili marisau yasitawanyike mapema. Kanga akiruka karibu, cha mbele. Akishafika mbali, kidole kinateleza nyuma bila kufikiri.

Sasa lawama. Kitako kimekuwa kifupi kwangu mwenye mikono mirefu, nimeongeza kibao cha mpira ambacho kinanitia uchungu kukitazama. Risasi za geji 20 kuzipata Dar ni kazi. Maduka yana geji 12, ukiuliza 20 unaambiwa uje mwezi ujao, na mwezi ujao unaambiwa hivyohivyo. Taratibu za kibali nilianzia serikali ya mtaa, nikamalizia polisi, na mtu asijaribu kukata kona hapo.

Na kwa wenye geji zote mbili nyumbani, tafadhali. Risasi za 20 hutengenezwa za njano kwa sababu. Ukiiingiza kwa bahati mbaya kwenye bunduki ya 12 inapita chumba na kukwama mbele, huioni. Unadhani umesahau kuweka, unatia ya 12 nyuma yake, unapiga, mtutu unapasuka ukiwa umeshika kwa mkono wa kushoto. Mimi za 20 zina mfuko wake, na mfuko huo hauingii risasi nyingine.

Jambo moja nilikosea na linaniuma mpaka leo. Ilikuja na sanduku zuri la ngozi. Masika ya kwanza nikaiacha humo, nikiamini ndimo inamolindwa. Naishi Kigamboni, chumvi ya bahari inaingia hadi kabatini. Ngozi ilinyonya unyevu na kuushikilia, na Mei nilipofungua nikakuta madoa mawili ya kutu chini ya mtutu wa kushoto, kila moja kama punje ya mtama. Niliyatoa kwa pamba na mafuta ya cherehani, taratibu, jioni tatu, lakini ukipitisha kidole bado unayasikia. Tangu siku hiyo sanduku linakaa juu ya kabati likiwa tupu. Bunduki iko ndani ya kasiki la chuma lililofungwa ukutani, na vile vifuko vya kunyonya unyevu navibadilisha kila mwezi.

Kuna wanaoniuliza kwa nini sikutafuta Parker halisi. Nimeshika moja, ya mitutu ya chuma kilichosokotwa, nzuri ya kukutoa machozi. Lakini mitutu ile haikujengwa kwa risasi za leo, na mwenye nayo hathubutu kuipiga. Hii ya Tochigi ina chuma cha kisasa na vipimo vilevile vya Meriden. Nimeipiga misimu minne na kila nikirudi nyumbani naigonga tena kwa kucha.

Msimu ukifunguliwa Julai naenda nayo upande wa Morogoro. Risasi za njano zimebaki boksi tatu.