Nyumba ya Wageni ya Tanga Inayoandika Jina Lako Linavyotamkwa

Nimelala siku tatu katika nyumba ya wageni yenye vyumba saba huko Raskazone, Tanga, na sitaitaja jina. Mwenye nyumba, mama wa umri wa miaka sabini na kitu, alikubali niandike tathmini hii kwa sharti hilo moja, akisema kwamba vyumba saba vinamtosha na kwamba hana tena nguvu za kupokea watu wa mitandaoni. Natambua kichekesho kilichopo, kwa kuwa ninachotaka kukisifu katika nyumba hii isiyotajwa jina ni namna inavyoyashughulikia majina. Anayeijua Raskazone ataitambua kwa mkungu mkubwa ulio langoni na kwa baraza yake ya saruji iliyong'arishwa kwa makalio ya wageni wa miaka mingi.

Nilishuka katika stendi ya Kange alasiri, nikachukua bajaji, na kabla hatujafika mjini dereva alikuwa ameshaniomba jina ili alihifadhi kwenye simu yake, kwa kuwa tulikubaliana aje kunirudisha stendi siku ya kuondoka. Nililitaja. Alinitazama kupitia kioo, akatabasamu kwa adabu, akasema, "Basi mimi nitakuandika Mzee wa Kange." Sikukasirika, kwa sababu ndivyo ninavyoitwa tangu nilipotoka Mbulu nikiwa kijana: nimekuwa Mwarusha, nimekuwa Mangi ilhali mimi si Mchaga, nimekuwa bosi, mkuu na chifu kwa watu wasioniheshimu kwa kiasi hicho hata kidogo, na vyeo vyote hivyo nilipewa ili mtu asilazimike kulitamka jina langu, ambalo ni Tluway.

Kwa Kiiraqw, lugha ya kwetu Mbulu, neno hilo maana yake ni mvua, nami nililipata kwa sababu nilizaliwa usiku ambao, kwa maelezo ya nyanya yangu, hata mbuzi waliingizwa ndani. Msomaji anaona t na l zimekaa pamoja bila irabu katikati, na ulimi uliolelewa katika Kiswahili, ambacho silabi zake nyingi huishia kwa irabu, hukimbilia kuliziba pengo hilo kama ulivyoigeuza klabu kuwa kilabu. Ndiyo maana nimeitwa Tuluwai, nimeitwa Tiluwai, na katika hospitali moja nimeitwa Tulawayo, jina ambalo muuguzi alilitangaza mara tatu kwenye dirisha la dawa huku mimi nikiwa benchi la mbele nikimhurumia huyo Tulawayo kwa kuchelewa, mpaka watu wote wakaisha na dirisha likafungwa kwa ajili ya chakula cha mchana. Kumbe tl ya Kiiraqw ni sauti moja. Ncha ya ulimi hugusa nyuma ya meno kama mtu anayetaka kusema t, kisha hewa hutokea pembeni mwa ulimi kwa mlio mkavu, mithili ya kijiti kinachovunjika. Mtoto wa Mbulu huitamka kabla hajajua kufunga kifungo cha shati. Mtu mzima wa kwingineko huhitaji kuisikia mara tatu au nne na kukubali kuonekana mjinga kwa dakika moja, na hiyo dakika ndiyo ambayo watu wengi hawapendi kuitoa.

Mwenye nyumba aliitoa. Nilimkuta barazani, miwani imeshuka hadi ncha ya pua, na mbele yake daftari kubwa lenye jalada gumu. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akaniuliza habari za safari, za nyumbani na za watoto kwa mpangilio ule wa Tanga usiokubali haraka, kisha akasema, "Haya mwanangu, nipe jina lako kama mamako alivyokuwa akikwita." Nilimpa. Hakucheka, wala hakuniuliza ni la kabila gani, swali ambalo kwa kawaida hunifikia kabla sijafunga mdomo. Alisema, "Sikulipata. Hebu lirudie, nami nikutazame mdomo." Nililirudia, akajaribu, likatoka Kluwei, akatikisa kichwa yeye mwenyewe kabla yangu, akajaribu tena na tena, na mara ya nne likatoka. Halikuwa kama la shangazi zangu, lakini lilikuwa jina ambalo lau ningelisikia nyuma yangu sokoni ningegeuka, na sijui kipimo kingine cha jina lililotamkwa vizuri.

Kisha akaliandika, na hapo ndipo nilipoona kwamba nyumba hii inastahili kuandikwa. Daftari lina safu mbili: ya kwanza ni ya jina lilivyo kwenye kitambulisho, ya pili ni ya jina linavyotamkwa, na hii ya pili yeye huijaza kwa hati za Kiarabu alizojifunza utotoni chuoni, yaani madrasa, ambazo hadi leo ndizo anazoandikia orodha ya sokoni. Kwa jina langu aliandika ta nzito, akaiunganisha na lam, akaweka juu yake alama yake mwenyewe inayofanana na mkia wa mjusi, akanieleza kwamba alama hiyo ni ya sauti zilizokuja bila nyumba. Tulipofika kwenye jina la baba yangu, ambalo huanza kwa hh na ambalo makarani wa bara na wa pwani wamekuwa wakinisomea kwa h ya kawaida, hakuhitaji hata kulisikia mara ya pili. Alilitoa kooni kama lilivyo, kwa sababu hh yetu ni ile ile ha ya kooni ambayo kila mtoto aliyepita chuoni huisomeshwa mpaka aijue. Nilikuwa nimetoka nyanda za juu hadi baharini, na hapo barazani nikalisikia jina la marehemu baba yangu likitamkwa sawasawa na mtu asiyejua neno hata moja la Kiiraqw. Akaendelea kunionyesha kwamba hata ain, ile sauti nyingine ya kooni ya Kiarabu, ambayo sisi huiandika kwa mkwaju, wao wanayo, na kwamba imejificha katika jina la Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani, jirani na mji huu, mwaka 1909: zile a mbili zinazofuatana ni mahali ambapo ain ilikaa kabla Kiswahili hakijaimeza.

Jioni alitaka kujua kama yapo majina mengine ya kwetu ambayo ameyakosea maisha yake yote, nikamtajia moja ambalo karibu nchi nzima hulikosea. Dkt. Wilbrod Slaa, mtu wa Karatu, aligombea urais mwaka 2010, jina lake likatajwa redioni na kwenye majukwaa kila siku, na Watanzania wengi, wakiwamo waliompigia kura, walilitamka kwa s ikifuatwa na l, ilhali katika Kiiraqw sl ni sauti moja inayotokea pembeni mwa ulimi, ndugu laini wa tl. Nilimweleza kwamba Waxhosa wa Afrika Kusini wana sauti hiyo hiyo, wao huiandika hl, nayo imo mara mbili katika Rolihlahla, jina alilopewa Nelson Mandela alipozaliwa mwaka 1918, kabla mwalimu wake hajampa hilo la Nelson alipoanza shule. Mwenye nyumba alilishughulikia Rolihlahla mpaka adhana ya isha. Alipoinuka kwenda kuswali alikuwa ameipata hla ya kwanza, ya pili bado.

Kwa ruhusa yake nilipitisha macho kwenye kurasa za nyuma. Mgeni wa Ayalandi aitwaye Siobhán ameandikwa kwa shin na kwa fa yenye nukta tatu, yaani Shivon, na mkazo umewekewa alama mwishoni, kinyume na mazoea yetu ya kuuweka kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Wajerumani ni wengi, kwa kuwa Tanga ina udugu wa muda mrefu na mji wa Eckernförde, na kwa ajili ya ile o yenye nukta mbili Khadija wa mapokezi ameandika pembeni kwa penseli: sema e, midomo ikiwa kama ya kupiga mluzi. Kuna pia Msukuma ambaye jina lake huanza kwa ng', na kile kialama cha juu, ambacho kompyuta za ofisini hupenda kukidondosha, kimepigiwa mstari mwekundu.

Sasa nieleze kasoro, na ya kwanza ni yangu. Huyo Khadija nilimwita Hadija kwa siku mbili, kama walivyoitwa akina Hadija wote niliosoma nao, naye hakunirekebisha. Aliyenirekebisha ni mwenye nyumba, kwa sauti ya chini, nikiwa nakunywa chai: "Mwanangu, mwenzio ana kha." Niliona haya, na haya hiyo iliongezeka nilipokumbuka kwamba Kiiraqw kina sauti iliyo jirani sana na kha, tunayoiandika x, ambayo nimeitamka tangu nianze kusema, ulimi wangu uliiweza siku zote, ila sikuwahi kuuliza kama inahitajika. Ni kweli kwamba Kiswahili kimeigeuza kha kuwa h katika maneno mengi, ndiyo maana wengi tunasema heri na habari, na wapo akina Hamisi na akina Khamis, kila mmoja sahihi kwa jina lake. Hilo haliniondolei kosa, maana wa kusema yeye ni yupi ni mwenye jina. Nilipomwomba radhi alijibu, "Wala usijali, baba, nimezoea," jibu ambalo mimi mwenyewe nimewapa watu wengi, na ninajua lina nini ndani yake.

Kasoro ya pili ni ya nyumba. Safu ya pili ya daftari husomwa na mwenye nyumba na Khadija peke yao. Kijana wa jikoni, asiyejua hati za Kiarabu, hupewa karatasi yenye safu ya kwanza tu, na asubuhi ya kwanza alisimama mlangoni akamwita Bwana Tuluwai mara mbili, kisha, alipoona kimya, akahamia kwa bosi wa namba nne. Nilipendekeza safu ya tatu, kwa herufi anazozijua kila mtu. Mwenye nyumba alilifikiria kwa muda, akasema karatasi ni finyu. Sijaridhika na jibu hilo, kwa maana kazi yote ya barazani inapotea kwenye mlango wa jikoni, na mgeni mwenye haraka, asiyepata jioni ya kukaa na mama huyu, ataondoka akiwa bosi kama alivyokuja.

Mengine yanatosha kwa maneno machache. Chumba ni kisafi, chandarua hakina tundu, feni inapiga kelele lakini inazunguka, na maji ya bomba hulegea kuanzia saa moja asubuhi, kwa hiyo oga mapema. Nililipa shilingi 50,000 kwa usiku pamoja na kifungua kinywa, ambacho ni mbaazi za nazi na maandazi, chai ya maziwa na machungwa ya Muheza yaliyomenywa na kukatwa juu tu kidogo, tayari kwa kufyonzwa. Mbaazi zile ningezilipia peke yake.

Siku ya kuondoka dereva wa bajaji alifika langoni, na mwenye nyumba akamwuliza amemfuata nani. Akajibu kwamba amemfuata Mzee wa Kange. "Hapa hapana mtu wa jina hilo," aliambiwa, akaketishwa barazani, akaletewa chai, na mimi nikiwa ndani nafunga begi nilisikia somo likianza upya, Kluwei, Tiluwai, kicheko, kisha ukimya wa mtu anayetazamwa mdomo. Tulichelewa robo saa. Njiani aliniomba nimshikie simu nimbadilishie jina, nikabadilisha, naye akalisoma kwa sauti kwenye taa za barabarani.

Nyumba haina ukurasa wa mtandaoni. Namba ya simu hupatikana kwa kuulizia Raskazone. Ukipiga, ukalitaja jina lako na kusikia kimya upande wa pili, usikate: anatafuta kalamu.