Kozi ya jioni ya teolojia, Tanga mjini
Kwa katekista au mwinjilisti anayetafuta msingi, ada inalipa. Kristolojia, somo la Kristo ni nani, ndiyo iliyoshiba: inaanzia mtaguso wa Nisea (325), Mwana ana asili moja na Baba, kisha mtaguso wa Kalkedoni (451), nafsi moja katika asili mbili, ya Kimungu na ya kibinadamu, bila kuchanganyika wala kutengana. Mwalimu anachora safu mbili ubaoni: ukigawa nafsi unaangukia kwenye uzushi wa Nestorio, ukiyeyusha asili mbili kuwa moja uko kwenye ule wa Eutike. Hapo wengi hukwama, na mwalimu haharakishi. Somo la wokovu ni la wastani tu. Kuhesabiwa haki na kutakaswa vimetiwa kapu moja. Eskatolojia, somo la mambo ya mwisho, imebanwa jioni ya mwisho, watu wanawazia daladala za kurudi Raskazone. Vitini vya masomo vina wino uliofifia. Njoo na Biblia yenye Deuterokanoni, vile vitabu vya Agano la Kale ambavyo Biblia nyingi za Kiprotestanti hazina. Somo la toharani, utakaso wa baada ya kifo, linahitaji 2 Wamakabayo 12, kimojawapo cha vitabu hivyo.