UConn au South Carolina: kikosi kipi kizito kuelekea msimu wa 2025–26?

Aprili 2025 UConn (Chuo Kikuu cha Connecticut) waliichapa South Carolina 82–59 kwenye fainali ya mpira wa kikapu wa wanawake wa vyuo vikuu vya Marekani. Ukitazama matokeo hayo pekee, mjadala umeisha. Lakini nyota wa UConn, Paige Bueckers, ameshakwenda WNBA, ligi ya kulipwa ya wanawake, na pengo lake si dogo.

Kwa msimu huo wa 2025–26, kocha wa UConn Geno Auriemma bado ana Azzi Fudd, mdunguaji wa pointi tatu, na Sarah Strong, aliyefunga pointi 24 na kuchukua ribaundi 15 (mipira inayorudi baada ya mtupo kukosa kikapu) katika fainali ile akiwa mwaka wa kwanza chuoni! Chini ya kikapu ameongezwa Serah Williams kutoka Wisconsin. Hapa sina la kukosoa.

South Carolina ndio wanaoumiza kichwa. MiLaysia Fulwiley kahamia LSU, Chloe Kitts kaumia goti na msimu wake umekwisha kabla haujaanza. Kocha wao Dawn Staley amejibu kwa kumleta Ta'Niya Latson, mfungaji bora wa nchi nzima msimu wa 2024–25 kwa wastani wa pointi 25.2 akiwa Florida State. Je, Latson atakubali kugawana mpira na Joyce Edwards, aliyekuwa mfungaji wao mkuu? Raven Johnson, mchezeshaji wao, ndiye wa kuwapatanisha.

Halafu kuna Madina Okot, Mkenya wa futi 6 na inchi 6, aliyetoka Mississippi State. Ndiye anayenifanya nisite, maana Kitts akikosekana, ribaundi nyingi zitamtegemea yeye.

Kwa sasa nawapa UConn. Ila Okot akiepuka kufanya faulo za mapema, Machi, mashindano ya ubingwa yakianza, nitabadili kura.